Mgonjwa Asiyetaka Kugeuka

"Hakuna anayegusa waya mpaka nichukue maelezo," alisema Afande, akalitua begi lake la vifaa katikati ya sebule kama mtu anayehamia. "Na hakuna anayetoka."

Mama mwenye nyumba, mikono kiunoni, alimtazama kuanzia viatu hadi kofia. Yeye alikuwa ameita fundi umeme. Jirani alimwambia kwamba fundi huyu ni hodari, ila zamani alikuwa mpelelezi wa polisi, akastaafu, akaenda kusomea umeme na mvi zake, na mpaka leo hajui kuingia nyumba ya watu bila kutafuta mhalifu. Jirani aliyasema hayo huku akicheka. Sasa Mama aliona ni nini kilichokuwa kikimchekesha, na yeye hakuona la kucheka.

"Mhalifu nimeshamkamata mwenyewe," alisema. "Wewe tengeneza tu."

"Mama, mhalifu anayekamatwa kabla ya uchunguzi, mara nyingi ni yule aliyekuwa karibu tu."

"Ndiyo hivyo, alikuwa karibu! Alikuwa ameishika pasi mkononi!"

Afande alivuta kiti, akamwomba aketi, naye akabaki amesimama. Hiyo ilikuwa mbinu ya kazi yake ya zamani: shahidi anaketi, mpelelezi anasimama, na kiti kiwe na mguu mmoja mfupi. Sebule ile ilikuwa na kiti cha namna hiyo, na Afande alikiona tangu mlangoni.

Maelezo ya Mama yalikuwa marefu, lakini ukiyakamua yalibaki haya. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu vya nyuma, vimepangana kwenye korido. Cha kwanza kutoka sebuleni ni cha Mama na mumewe, Mzee. Cha pili ni cha kijana wao wa mwisho. Cha tatu, mwisho kabisa, ni cha mkwe wao, mke wa kijana mkubwa, ambaye humo ndani anashona nguo za watu kwa cherehani ya umeme. Juzi mchana, mkwe alipowasha pasi, soketi za vyumba vyote vitatu zilizima kwa mpigo. Taa za juu zilibaki zinawaka. Sebule na jiko hazikuguswa.

"Tangu cherehani ile iingie humu ndani, sijapata raha," Mama alisema. "Inanguruma kutwa. Nikisema, naambiwa ni kazi. Haya, kazi imetuunguzia nyumba. Nimeshaita gari la mizigo. Mchana huu cherehani inarudi kwao."

"Na mwenye cherehani?"

Mama aliangalia pembeni. "Amesema ikitoka, naye anatoka nayo. Mimi sikumfukuza mtu."

"Mume wake anasemaje?"

"Yuko mbali kikazi. Tulimpigia. Alisema tusikilizane, halafu simu yake ikawa haipatikani."

Afande alitikisa kichwa polepole. Katika kazi yake alikuwa amekutana na wanaume wengi wa aina hiyo, ambao simu zao hujua vizuri wakati wa kuzimika.

Shahidi wa pili alikuwa kijana wa mwisho. Chumbani kwake kulikuwa na spika mbili zenye kimo cha mtu aliyechuchumaa, na katikati yake palibaki upenyo wa kulala.

"Hizi unazifungulia kwa sauti kiasi gani?" Afande aliuliza.

"Ya wastani."

"Jirani wa mtaa wa pili aliniimbia wimbo wote nilipomuuliza njia ya kuja hapa. Alisema ameujua kutokana na wewe."

Kijana alisimama mbele ya spika zake. Aliapa kwamba soketi zilipozima, spika zilikuwa kimya, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa uwanjani. Kisha akaona amepata nafasi. "Afande, kwa kuwa unachukua maelezo, na soksi zangu zimeibwa kwenye kamba. Zile ndefu za mpira. Zote! Nimechezea soksi za mdogo wake kipa."

"Kesi moja kwanza," Afande alisema. Lakini aliigeuza ile habari kichwani mara mbili, maana mwizi anayeacha mashuka na kuchukua soksi si mwizi wa kawaida.

Mkwe walimkuta anafunga mizigo. Magauni ya wasimamizi wa harusi yalikuwa yamekunjwa juu ya meza, mengine hayana mikono, mengine hayana pindo. Macho yake yalikuwa yamevimba, lakini sauti aliishikilia.

"Afande, usijisumbue kunihoji," alisema. "Niliwasha pasi, umeme ukazima. Sina la kukataa."

"Kulitokea mlio? Harufu? Cheche?"

"Hapa kwangu, hapana. Ilizima tu. Nikadhani umekatika mtaa mzima, nikawa nangoja."

"Hapa kwako hapana," Afande alirudia. "Niazime hiyo pasi."

Aliibeba hadi sebuleni, msafara wote nyuma yake, akaichomeka kwenye soketi ya hapo na kuiwasha. Mama alirudi hatua kadhaa na kumvuta kijana wake kwa shati. Pasi ilipata moto taratibu, ikatoa mvuke wake, soketi ikatulia. Afande akaileta na cherehani, akaichomeka, akakanyaga pedali. Ikanguruma. Taa haikupepesa, wala redio ya jikoni haikukatiza maneno.

"Pasi nzima. Cherehani nzima," alisema.

"Zimejitia upole kwa sababu uko wewe," Mama alisema.

"Mama, pasi haina aibu. Ingekuwa mbovu ingenirusha mimi vilevile." Alichomoa, akatoa bisibisi yake ya kupimia, ile yenye kitaa kidogo ndani ya mpini. "Sasa tuwahoji mashahidi wasiosema uongo."

Alianza na soketi ya sebuleni. Aliingiza ncha kwenye tundu moja: kitaa kikawaka. Tundu la pili: kimya. Ndivyo inavyotakiwa. Umeme huingia kwa waya mmoja, waya wa moto, unafanya kazi, kisha unarudi zake kwa waya wa pili ambao mafundi huuita nyutro. Waya wa kurudia hauwashi kitaa.

Kisha akaenda chumba cha mwisho, kwenye soketi ya mkwe. Tundu la kwanza: kitaa kikawaka. Tundu la pili: kikawaka.

"Lo!" Kijana alitoa macho. "Mbona umeme umezidi! Uko mara mbili!"

"Leta taa ya mezani."

Taa ilichomekwa. Haikuwaka hata chembe. Kijana alikuna kichwa. Afande, ambaye kwa kawaida hakuwa mtu wa kuficha furaha yake, alijipiga paja. Katika chumba cha kijana alipima tena: matundu yote mawili yaliwaka, na taa ikagoma vilevile.

"Kaeni mnisikilize," alisema, na kila mtu akakaa mahali alipokuwa, kijana juu ya spika. "Umeme wa soketi hizi unapokezwa. Unatoka sebuleni, unaingia chumba cha kwanza, unaenda cha pili, unamalizikia cha tatu. Waya wa moto unafika mpaka mwisho, ndiyo maana tundu la kwanza linawaka. Nyutro imekatika njiani. Umeme umekuja, njia ya kurudi haipo, kwa hiyo taa haiwaki, na cherehani haizunguki."

"Na lile tundu la pili?" mkwe aliuliza. Alikuwa amesimama mlangoni, gauni lililokunjwa nusu mkononi.

"Hapo ndipo kesi ilipo, binti. Tundu la pili lingekuwa kimya. Kama linawaka, maana yake kuna chombo humu nyuma kimeunganishwa na kimewashwa. Umeme unaingia kwenye chombo hicho, unatokea upande wa pili, unakuta njia imekatika, unabaki umejazana kwenye waya wa kurudia mpaka huku. Sasa, nawaomba kila mtu achomoe kila kitu chake."

Kijana alichomoa spika, chaja, na kitu kingine ambacho hata yeye hakukumbuka ni cha nini. Mkwe alikwisha chomoa vyake tangu juzi. Pasi na cherehani zilikuwa bado sebuleni. Afande alipima tena. Kitaa kiliwaka matundu yote mawili.

Alipima mara nyingine, kwa ajili ya raha tu.

"Kuna mtu humu ndani anaficha chombo," alisema.

Walitazamana. Mama akanyoosha kidole kwenye korido. "Kimebaki chumba changu tu, na humo hamna kitu. Kuna soketi moja, nyuma ya kitanda, na mume wangu hataki itumike. Anasema umeme karibu na kichwa unaharibu usingizi. Na usiende kumsumbua. Mzee anaumwa."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Juzi asubuhi au juzi baada ya soketi kuzima?"

Mama alihesabu kwa vidole. "Baada."

"Anaumwa nini?"

"Homa. Anatetemeka baridi, amejifunika mablanketi yote ya nyumba. Kaniambia inaambukiza, mimi nalala sebuleni. Hataki kukaa, hataki kugeuzwa, hataki mtu aguse kitanda. Chai namnywesha kwa kijiko. Daktari hataki kumsikia."

Afande alichukua begi lake.

Chumba cha kwanza kilikuwa na joto la kuokea mkate, madirisha yamefungwa. Mzee alikuwa amelala chali katikati ya kitanda kikubwa, amefunikwa hadi kidevuni, mikono yote ndani. Jasho lilimchuruzika mpaka masikioni. Pembeni ya kitanda lilisimama kabati lililofungwa kufuli.

"Pole, Mzee," Afande alisema, akafunga mlango nyuma yake. Mama alibaki nje kwa shingo upande.

"Nishapoa, ndugu yangu. Nishapoa. Unaweza kwenda."

"Homa ya baridi?"

"Kali sana. Inatambaa."

"Mbona unatoka jasho?"

"Ndiyo dalili yenyewe."

Afande alizunguka kitanda na kuchuchumaa ukutani, palipokuwa na soketi. "Hii inatumika?"

"Hiyo? Haijaguswa tangu nyumba ijengwe."

Afande aliivuta miwani yake chini kidogo. Ukuta ulipakwa rangi zamani, na rangi ilikuwa imepita juu ya kingo za soketi zote za nyumba hii. Ya sebuleni ilikuwa hivyo, na ya kijana hivyo hivyo. Hii peke yake rangi ilikuwa imechanika kuizunguka pande zote, na vichwa vya skrubu zake vilikuwa na mikwaruzo mipya inayong'aa. Kutoka chini ya kifuniko ulichungulia waya mwembamba mweupe, ukakimbilia nyuma ya kabati.

"Kabatini kuna nini, Mzee?"

"Nyaraka za kiwanja."

"Nyaraka zinazotumia umeme?"

Mzee alifumba macho, akaanza kukoroma papo hapo. Afande alikuwa amewahi kuona watu wengi wakijitia usingizi mbele yake, lakini huyu alikuwa na haraka kuliko wote. Akavuta kigoda, akakaa, akangoja. Kungoja ndiyo silaha aliyoiamini kupita zote.

Chini ya blanketi, kitu kikalia. *Pii.*

Koromo lilikatika.

"Umesikia?" Afande aliuliza.

"Tumbo hilo."

*Pii, pii.*

"Mzee, nimekaa na matumbo yenye njaa miaka yangu yote ya kazi. Hakuna lililowahi kuniitikia hivyo."

Mzee alimtazama, akautazama mlango, akatazama dari. Kisha akaushusha ukingo wa blanketi taratibu sana. Kifuani pake, makwapani, na kuzunguka tumbo lote, alikuwa amepanga soksi ndefu za mpira wa miguu, na ndani ya soksi vilituna vitu vidogo vya duara. Soksi moja ilikuwa inacheza.

"Kware," alinong'ona. "Mayai ya kware. Siku zake zimetimia."

Na baada ya hapo hakuhitaji kuulizwa. Zamani aliwahi kufuga kware, akasema, nao wakatoroka kwenye kizimba siku ya wageni, wakatua juu ya mabega ya watu na kwenye sinia. Mkewe aliapa kwamba nyumba ile itakaa yeye au ndege. Mzee akachagua mke, lakini moyo haukutulia. Akatengeneza mashine ya kutotolesha: boksi la mbao lenye balbu mbili ndani. Akaificha kabatini. Kwa kuogopa plagi isionekane, alifungua soketi, akaunganisha nyaya za boksi humo humo nyuma, akafunga.

"Na skrubu ya nyutro uliikaza?"

"Niliikaza kwa kisu cha mezani. Nilisikia mke wangu anakuja."

Basi mambo yakawa peupe. Waya uliolegea ulikuwa ukishikilia kidogokidogo, unaunguza ncha yake yenyewe. Pasi ya mkwe ilipovuta umeme mwingi, ukashindwa, ukachomoka. Balbu za kabatini zikazima na soketi zote za mbele yake zikafa, na balbu hizohizo, ambazo hazina plagi ya kuchomolewa, ndizo zilizokuwa zikiwasha tundu la pili.

"Nikasema wasife kwa baridi, ndiyo wanakaribia kutoka," Mzee alisema. "Nikawachukua nilale nao. Joto la mtu linatosha kabisa, nakuambia. Hawajambo wote, ila mmoja nilimlalia."

Afande alivua kofia. Alikuwa na cheko kubwa kifuani, akalizuia. "Mzee, unajua gari la mizigo liko njiani?"

"Gari gani?"

"La kuchukua cherehani ya mkwe wako. Amefunga na nguo zake."

Uso wa Mzee ulibadilika. "Nilisikia wanagombana. Nikadhani ugomvi utapoa kabla hawajaanguliwa."

"Haukupoa. Mimi kazi yangu ni waya. Nitautengeneza, nitafunga kifuniko, na nitasema nyutro ilikuwa imelegea, ambayo ni kweli. Yaliyobaki si ya bisibisi."

Nje honi ililia. Mzee aliangalia dari, na soksi ikamchezea kwapani. Halafu akavuta pumzi, akapaza sauti ambayo haikuwa na homa hata kidogo:

"Mama watoto! Njoo! Na mkwe wangu aje!"

Mlango ulifunguka upesi mno. Ilionekana watu wote walikuwa wameuegemea. Mama aliingia wa kwanza. Aliziona soksi. Kijana naye aliziona, akapiga ukelele.

"Soksi zangu!"

"Nyamaza wewe," Mama alisema bila kumtazama. Alikuwa anamtazama mumewe. "Ndege."

"Ndege," Mzee alikubali. "Utanisema baadaye, nastahili. Kwanza nisikilizeni. Mkwe wangu hana kosa. Soketi niliifungua mimi, nikaifunga vibaya mimi. Akasingiziwa yeye, na mimi niko hapa nasikia."

Mkwe alikuwa mlangoni, kifurushi kifuani. "Na usiku, Baba? Nilipokuwa nalia, ulinisikia?"

"Nilikusikia. Kila nikitaka kuinuka, naona mayai yatavunjika."

"Mayai," mkwe alisema. Alitoka, na wote wakadhani anaelekea kwenye gari. Alirudi na kikapu chake cha vipande vya vitambaa, akavitenganisha katikati kwa mikono kama kiota, akakiweka kikapu kitandani. "Weka humu, Baba, mgongo utakufa. Na usidhani nimekusamehe. Nimeumia sana. Hawa ndege ndio nawaonea huruma."

"Sawa, mwanangu," Mzee alisema, akaanza kuchomoa soksi moja moja. Kutoka kwenye moja alichungulia kiumbe kama nondo aliyelowa, akawalilia wote.

Dereva wa gari naye alikuwa amefika mlangoni. "Jamani, mzigo uko wapi?"

"Mzigo wangu umelala kitandani," Mama alisema, "nao haubebeki. Nenda tu, baba."

Afande alizima swichi kuu, akapima kuhakikisha, akafungua soketi. Ncha ya nyutro ilikuwa nyeusi. Aliikata, akamenya waya mpya, akauingiza, akakaza skrubu, akauvuta kuona kama unashika. Nyaya za kabatini alizitoa na kuzitia plagi yake ya halali. Alipowasha, alipita chumba hadi chumba na bisibisi yake: tundu moja likawaka, la pili kimya, mpaka mwisho wa korido. Alikuwa anakusanya vifaa aliposikia cherehani imeanza kunguruma.

Mama alikuwa koridoni peke yake. Alirekebisha kanga yake begani, akasogea, akasimama, akasogea tena. Afande, aliyekuwa amebeba begi begani tayari, alijifanya anatafuta skrubu sakafuni. Mazoea ya kazi hayaachiki.

Mama aliingia chumba cha mwisho. Cherehani ikanyamaza.

"Nipime," alisema, ameinua mikono pembeni, macho ameyapeleka dirishani. "Nataka gauni."

Mkwe alichukua futi yake ya kupimia taratibu. "Gauni la namna gani, Mama?"

"Lolote. Ila kifuani usinibane." Mama alikohoa. "Kuna maneno humo bado hayajatoka."

Mkwe alimzungushia futi kifuani, akasoma, akailegeza kidogo.

"Nitaacha nafasi," alisema.